Mafunzo na makongamano kwa wahadhiri wa muda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya pande mbili: wahadhiri wa muda wenyewe, na wakuu wa idara, waratibu na maofisa wa fedha wanaofanya kazi nao. Swali likimhusu mmoja tu, utalitambua kwa namna lilivyoulizwa.

## Mhadhiri wa muda ni nani hasa?

Ni yule aliyepewa somo au masomo kwa mkataba wa muhula au mwaka, akalipwa kwa saa au kwa somo, bila ajira ya kudumu. Wengine wana kazi nyingine ya kutwa: ni wanasheria, wauguzi, wahasibu, wahandisi. Wengine wanafundisha vyuo viwili au vitatu ili mkono uende kinywani. Tofauti hiyo ni kubwa unapopanga mafunzo. Mhandisi anaijua fani yake barabara, lakini huenda hajawahi kuelekezwa namna ya kutunga mtihani. Yule wa vyuo vitatu amefundisha miaka mingi. Anachokosa ni muda, maktaba na jina la chuo la kuandika chini ya utafiti wake. Ukiwaweka wote kwenye warsha moja, mmoja wao atakuwa amepotezewa siku.

## Kwa nini chuo kigharimie mtu ambaye huenda muhula ujao hayupo?

Kwa sababu mwanafunzi aliyepo darasani muhula huu analisoma somo hilo mara moja tu. Haujui mkataba wa mwalimu wake. Anachokiona ni kama mtihani umelingana na alichofundishwa, na kama kazi yake imerudi ikiwa na maelezo. Isitoshe, katika vyuo vingi wahadhiri wa muda ndio wanaopewa madarasa ya mwaka wa kwanza, yenye watu wengi na yenye kufelisha wengi.

Halafu kuna hili: wengi huondoka kwa kuwa hawaoni cha kuwabakisha. Kila anapoondoka mmoja, idara huanza upya kutafuta, kusaili, kufungua akaunti na kuelekeza. Gharama hiyo haina kifungu chake kwenye bajeti, ndiyo maana hakuna anayeihesabu.

## Tunawaalika kwenye warsha lakini hawaji. Tatizo liko wapi?

Kabla ya kumlaumu mtu, angalia mwaliko wenyewe ulikwenda wapi. Mara nyingi umetumwa kwenye barua pepe ya chuo, na akaunti hiyo hufungwa mkataba unapoisha, kisha hufunguliwa wiki kadhaa baada ya muhula mpya kuanza. Kwa hiyo tangazo la warsha ya kabla ya muhula linaangukia kwenye sanduku lililofungwa. Weka kwenye fomu ya mkataba nafasi ya namba ya simu na anwani binafsi, na uombe ridhaa ya kuzitumia kwa matangazo ya mafunzo.

Baada ya hapo angalia saa. Warsha ya saa nne asubuhi katikati ya wiki ni rahisi kwa mwenye ofisi chuoni. Kwa mwenye kipindi chuo kingine, kuja ni kukatwa pesa. Warsha ya siku nzima ni mbaya zaidi. Kinachofaa ni vikao vya dakika 90, kikao kilekile kirudiwe mara mbili, kimoja jioni na kingine mwisho wa wiki, na tarehe zitangazwe angalau wiki sita kabla. Fomu hiyohiyo ya mkataba iulize mhadhiri yuko huru saa ngapi. Mratibu akipanga tarehe bila kuiangalia, amepanga kwa kubahatisha.

Kurekodi warsha ni jambo zuri, lakini rekodi peke yake haitazamwi. Ambatanisha zoezi fupi la maswali matano, na anayelikamilisha ahesabiwe amehudhuria, kwa malipo yaleyale.

## Kwani lazima tuwalipe kwa kuhudhuria?

Ndiyo. Mhadhiri wa kudumu anapokaa kwenye warsha, mshahara wake unaendelea. Wa muda halipwi chochote wakati huo, na mara nyingi ametoa nauli yake. Kumwambia kwamba mafunzo ni kwa faida yake mwenyewe ni kumwomba alipie kazi ya chuo.

Kiwango cha haki ni kilekile cha saa ya darasani. Hesabu yake si ngumu. Mkataba wa saa 45 za darasani ukiongezewa saa 6 za mafunzo, unakuwa wa saa 51. Idara yenye wahadhiri wa muda 20 inahitaji bajeti ya saa 120 kwa muhula. Andika saa hizo ndani ya mkataba wenyewe. Zikiachwa ziwe ombi la pembeni, ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikibana, na mhadhiri hana karatasi ya kudai kwayo.

## Tuanze na mafunzo yapi?

Yaanze yale yanayomwezesha kuingia darasani. Siku ya kwanza ya kufundisha, mhadhiri awe tayari na muhtasari wa somo, mitihani ya miaka miwili iliyopita pamoja na miongozo yake ya kusahihishia, akaunti ya mfumo wa alama, ruhusa ya maktaba, na jina la mtu wa kumpigia projekta ikigoma. Kikao kimoja kinatosha kwa haya yote, lakini kikikosekana, warsha ya mbinu shirikishi haitasaidia chochote.

La pili, na kwa maoni yetu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, ni kusahihisha kwa pamoja. Chukua karatasi tano za majibu za mwaka uliopita, futa majina na alama, toa nakala kwa kila mtu. Wote wasahihishe kimya kwa dakika 40 na kuandika alama zao kwenye kikaratasi kabla ya yeyote kusema neno. Kisha alama zote ziandikwe ubaoni, safu moja kwa kila karatasi. Mtakuta karatasi ya tatu imepewa 48 na mmoja, 67 na mwingine. Hapo usiulize nani amekosea. Mwambie kila mmoja aweke kidole kwenye sentensi aliyoipa alama. Kwa kawaida mambo hufunuka palepale: huyu ametoa alama kwa kutajwa istilahi, yule alikuwa anasubiri mfano, na mwongozo haukusema lolote. Mwongozo urekebishwe kabla watu hawajainuka.

Zoezi hili huharibika kwa njia moja: mkuu wa idara akitaja alama yake kwanza, wengine wote wataisogelea. Ndiyo sababu ya vile vikaratasi.

Mengine yafuate mahitaji: kufundisha darasa kubwa, kutunga maswali yanayopima zaidi ya kukariri, kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu, kuandika ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mada unaotumwa kwa waandaaji wa kongamano. Waulize wenyewe, na uwaulize mwishoni mwa muhula, wakati bado wanakumbuka walikwama wapi.

## Je, kutembelewa darasani na mhadhiri mwenzangu ni ukaguzi?

Haipaswi kuwa. Ni msaada ikiwa taarifa yake ni yako, na ni ukaguzi ikiwa taarifa inapelekwa kwa anayeamua kama utaongezewa mkataba. Vitu hivyo viwili vikichanganywa, mhadhiri wa muda ataandaa somo la maonyesho na hakuna atakachojifunza mtu. Idara itamke kwa maandishi kwamba taarifa ya matembezi haiingii kwenye faili la ajira.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mkutane dakika 15 kabla ili wewe useme unataka mwenzako aangalie nini, jambo moja au mawili tu: muda unaowapa wanafunzi kujibu swali, kwa mfano, au kama walio nyuma wanafuatilia. Yeye aandike anachokiona na saa kilipotokea, asiandike hukumu. Mzungumze ndani ya saa 48. Ikipita wiki, nyote mmeshasahau.

## Mimi nafundisha tu, sina utafiti mpya. Kongamano lina nafasi kwangu?

Linayo. Ufundishaji wenyewe ni eneo la utafiti, na taaluma nyingi zina makongamano au angalau vikao vya ufundishaji wa fani husika. Ukibadilisha namna ya kufundisha kipengele kigumu, ukapima kabla na baada, una mada. Unayefanya kazi nje ya chuo una faida zaidi, kwa sababu unajua wahitimu wanakwama wapi wakifika kazini.

Jambo moja usilisahau: kama utatumia kazi za wanafunzi, alama zao au maoni yao, ulizia kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kuanza kukusanya. Kamati nyingi hazitoi kibali kwa data iliyokwisha kukusanywa, na wahadhiri wa muda hulikuta hilo wakiwa wamechelewa kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

## Ikisiri ya namna gani hukubaliwa?

Inayosema kilichofanyika na kilichopatikana. Kongamano nyingi huomba maneno 200 hadi 300. Kwa maneno 250, gawa hivi: sentensi mbili za tatizo, moja ya swali lako, tatu za ulichofanya na kwa nani, tatu au nne za ulichokipata, moja ya maana yake kwa wengine. Wengi hufanya kinyume. Historia ya tatizo inakula maneno 180, na matokeo yanabaki na nusu sentensi.

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: “Mada hii itajadili changamoto mbalimbali za kufundisha hesabu kwa wanafunzi wa uuguzi.” Ya pili, tuliyoibuni kwa ajili ya mfano: “Wanafunzi 64 wa uuguzi walikokotoa dozi kabla na baada ya wiki nne za mazoezi ya uwiano, makosa ya nukta ya desimali yalipungua, lakini ya kubadili vipimo yalibaki vilevile.” Mhakiki anayesoma ikisiri hamsini kwa siku moja ataikumbuka ya pili. Na hiyo sehemu ya mwisho, inayokiri kilichobaki vilevile, ndiyo inayomfanya akuamini.

Soma wito wa kongamano mara mbili. Ikisiri nyingi hukataliwa bila kosa lolote la kitaaluma: zimezidi idadi ya maneno, zimekosa mada ndogo, au zimeacha jina la mwandishi kwenye faili wakati uhakiki ni wa kuficha majina.

## Chini ya jina langu niandike chuo gani?

Andika chuo kilichokupa mkataba ambao kazi hiyo ilifanyika chini yake, na mjulishe mkuu wa idara kwa barua pepe fupi ili asije akashangaa. Kama kazi imefanyika katika vyuo viwili, viandike vyote. Kama hakuna mkataba ulio hai, “mtafiti huru” ni utambulisho halali na hauna aibu yoyote.

Kwa upande wa chuo, jibu liwe kwenye sera na lisitegemee hisani ya mtu. Mhadhiri wa muda aruhusiwe kutumia jina la chuo, na barua pepe yake na ruhusa ya maktaba ziendelee walau miezi sita baada ya mkataba kuisha, kwa sababu makala na mada huchukua muda mrefu kuliko muhula. Hatua hii karibu haina gharama. Tungeambiwa tuchague moja tu ya kuanzia, tungechagua hii.

Jisajili pia ORCID. Ni kitambulisho cha bure cha watafiti, chenye tarakimu 16, kilichoanza kutolewa mwaka 2012. Kinakufuata ukihama chuo, ukibadili barua pepe, hata ukibadili jina.

## Pesa ya kongamano itoke wapi, na itolewe lini?

Swali la lini ni zito kuliko la wapi. Vyuo vingi vina mfuko wa safari, lakini utaratibu wake ni kulipa kwanza, kisha kurejeshewa. Mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kusubiri miezi mitatu. Anayelipwa mwisho wa muhula hawezi. Kwa hiyo anakataa kimyakimya, na ofisi inaandika kwamba mfuko ulikuwepo lakini hakuna aliyeomba.

Toa masurufu, yaani pesa ya safari inayotolewa mapema na kutolewa hesabu baadaye, kabla ya safari, au chuo kilipe ada ya usajili, tiketi na malazi moja kwa moja kwa watoa huduma. Mhadhiri abaki na posho ya kujikimu na usafiri wa ndani tu. Baadhi ya maofisa wa fedha hukataa kumpa masurufu mtu asiye mwajiriwa wa kudumu kwa kuhofia hatayarejesha. Dawa yake ni kulipa watoa huduma moja kwa moja, maana hapo hakuna kiasi kikubwa kinachopita mkononi mwa mtu.

Bajeti kamili ina ada ya usajili, nauli, malazi, posho, bima ya safari, viza kama inahitajika, na uchapaji wa bango. Kuna kitu cha nane ambacho fomu haikiulizi: pesa anayokatwa kwa vipindi atakavyokosa. Kiongezeni.

Kwa mhadhiri: kabla ya kuomba chuo, soma ukurasa wa ada wa kongamano lenyewe. Vyama vingi vya taaluma vina ada ya chini kwa wahadhiri wa muda, wasio na ajira, au watokao nchi zenye kipato kidogo, na baadhi husamehe ada kwa wanaosaidia kazi siku za kongamano. Ada ya kujisajili mapema huwa nafuu, na tarehe yake mara nyingi huwa karibu sana na tarehe ya kupokea barua ya kukubaliwa. Andaa ombi lako kabla ya barua kuja.

Viza ina mtego wake. Ubalozi hutaka uthibitisho wa kazi, na mkataba unaoisha wiki moja kabla ya safari unaleta mashaka. Omba chuo barua inayotaja tangu lini umekuwa ukifundisha, masomo gani, na nani anagharimia safari.

## Nikisafiri, darasa langu litakuwaje?

Kubadilishana vipindi na mwenzako ndiyo njia safi kuliko zote. Ikishindikana, kipindi kifidiwe siku nyingine iliyokubaliwa na wanafunzi kabla ya safari. Mhadhiri asikatwe malipo kwa kipindi kilichofidiwa. Hili liandikwe, maana mfumo wa mahudhurio hukata bila kuuliza.

## Nitajuaje kwamba mwaliko ni wa kongamano la kitapeli?

Wahadhiri wa muda ni windo rahisi kwa sababu wanahitaji wasifu wenye mada zilizowasilishwa, na hawana mwenzao ofisi ya jirani wa kumuuliza. Dalili ni hizi: barua inakusifia bila kutaja kazi yako, kongamano moja linabeba taaluma zisizohusiana, ikisiri inakubaliwa ndani ya saa chache, majina ya kamati hayana vyuo, na ada inadaiwa kabla ya ratiba kuonekana.

Usiishie kwenye tovuti yao. Tafuta mmoja wa wajumbe wa kamati kwenye ukurasa wa chuo chake, umwandikie kumuuliza kama anahusika. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya OMICS, na miongoni mwa madai yake ni kwamba kampuni hiyo ilitangaza wataalamu mashuhuri kama washiriki wa makongamano yake ilhali hawakuwa wamekubali. Mwaka 2019 mahakama iliiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Jina kubwa kwenye tangazo, basi, halithibitishi kitu hadi mwenye jina akubali.

## Bango au kuwasilisha kwa mdomo?

Ukiwa mgeni, bango. Watu wanne wanaosimama na kuuliza kwa dakika kumi wana faida kuliko ukumbi wa watu arobaini wanaosubiri chai. Ukubwa wa kawaida ni A0, milimita 841 kwa 1189, lakini thibitisha kama ubao ni wa wima au wa ulalo. Maandishi yasipungue pointi 24, na maneno yote yasizidi 600 au hivi.

Ukipewa dakika 15, andaa dakika 12. Mwenyekiti wa kikao atakukata ukifika 15, na mara zote kinachokatwa ni matokeo.

## Kuhudhuria mtandaoni kunatosha?

Kwa kusikiliza mada, ndiyo. Kwa kufahamiana na watu, kwa kiasi kidogo tu. Tatizo kubwa ni kwamba aliyeko nyumbani huachiwa majukumu yake yote, anafundisha huku kongamano linaendelea. Idara imwondolee vipindi vyake kama vile amesafiri.

## Nikirudi nifanye nini?

Rejesha masurufu na stakabadhi ndani ya wiki mbili, hata kama kanuni inatoa mwezi. Mkataba ukiisha hesabu ikiwa haijafungwa, malipo ya mwisho yanaweza kuzuiwa. Weka slaidi au bango lako kwenye hifadhi ya wazi kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, na kutoa bila malipo namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha kazi iliyowekwa mtandaoni. Andikia watu uliozungumza nao kabla wiki haijaisha.

Idara nayo impe dakika 30 kwenye kikao chake, kwa malipo, aeleze mambo mawili ambayo wengine wanaweza kuyatumia muhula huu. Ripoti ya kurasa kumi haina msomaji.

## Mkataba wangu unaisha kabla ya kongamano. Bado nina haki ya msaada ulioidhinishwa?

Inategemea barua ya idhini ilivyoandikwa, kwa hiyo iangalie siku unayoipokea. Ikisema “kwa mhadhiri wa muhula wa kwanza” bila zaidi, ofisi ya fedha inaweza kukataa. Omba iongezwe sentensi moja: kwamba msaada unabaki halali hadi tarehe ya kongamano, bila kujali kama mkataba mpya umetolewa. Mkuu wa idara anayesita akumbushwe kwamba mada ilifanyiwa kazi ndani ya chuo, itasomwa kwa jina la chuo, na ada iliyolipwa hairudi hata asiposafiri mtu.